Keki ya nyumbani na fromaje ya Masisi: a-unganifu katika majina ya vyakula vyetu

Utangulizi

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, tulipewa matini fupi ya Kifaransa kuhusu keki ya Wabaski, watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Ufaransa na Hispania. Matini ilieleza jinsi keki hiyo inavyopikwa, inavyojazwa ndani, na miji ambako mgeni anaweza kuionja. Tulipomaliza kutafsiri, mwenzetu mmoja kutoka Walikale aliuliza: "Na sisi? Mgeni akitaka kuja kwetu tutamwandikia nini?" Mimi ni mzaliwa wa Masisi, nikajibu bila kufikiri: mkate uliotiwa fromaje. Akauliza tena: "Fromaje gani?" Nikasema: "Fromaje ya Masisi."

Hapo nikajishtukia. Nyumbani kwetu Mushaki sikuwahi kusikia mtu akisema "fromaje ya Masisi". Tulisema fromaje, basi. Hiyo nyongeza, ya Masisi, niliitoa wapi?

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo. Yanahusu kipashio kidogo ambacho wanafunzi wa Kiswahili hukisoma mwaka wa kwanza na kukisahau mwaka wa pili: a-unganifu, yaani wa, ya, la, cha na ndugu zake. Hoja yangu ni kwamba jina la mahali huongezwa kwenye jina la chakula pale msemaji anapomhesabu msikilizaji kuwa mtu wa nje. Nitaanza na keki ya Wabaski kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho, kisha nitafuata fromaje kutoka milimani hadi Goma na Kinshasa, nisimame kidogo Sake kwenye mkate wenyewe, niteremke Walikale, na mwisho nionyeshe kwa nini jambo hili linawahusu watu pia.

Mifano ya Kiswahili cha Kivu ni ile niliyoisikia mwenyewe sokoni, kwenye magari na nyumbani. Nimeiandika kama ilivyotamkwa, bila kuisahihisha. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atavumilia mukate badala ya mkate, na batu badala ya watu. Anayetaka maelezo mapana ya lahaja hii ataipata kazi ya Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose iliyotoka mwaka 2016.

1. Keki ya nyumbani

Kwa Kifaransa keki hiyo huitwa gâteau basque, yaani "keki ya Kibaski". Unga wa ngano, siagi, sukari na mayai hukandwa na kugawanywa vipande viwili. Kipande cha kwanza hutandazwa chini ya chombo. Juu yake huwekwa kijazo: ama jamu ya cheri nyeusi, ama krimu nzito ya maziwa na mayai. Kipande cha pili hufunika, kingo zikabanwa, na keki ikaokwa mpaka juu pawe rangi ya dhahabu. Kijazo hakionekani mpaka kisu kipite.

Mgeni anayetaka kuionja huelekezwa kwenye miji midogo iliyo chini ya milima ya Pirenei, upande wa Ufaransa. Cambo-les-Bains ndiko keki hiyo ilikojipatia umaarufu katika karne ya 19. Itxassou kunasifika kwa cheri nyeusi. Sare kuna makumbusho ya keki hiyo, na mtu huonyeshwa namna ya kuitengeneza. Maduka ya mikate ya Bayonne pia huiuza.

Jambo lililonivutia ni jina lake kwa Kibaski: etxeko bixkotxa. Neno bixkotxa lina asili moja na biskuti yetu. Yote mawili yanarudi kwenye Kilatini, kwenye maneno yenye maana ya "kilichopikwa mara mbili". Keki hii haipikwi mara mbili, na biskuti nyingi tunazonunua leo hazipikwi mara mbili pia. Neno limesafiri na kuiacha maana yake ya kwanza njiani.

Neno la pili ni etxeko. Etxe ni "nyumba", na -ko ni kiambishi kinachofanya kazi karibu sawa na a-unganifu yetu, isipokuwa chenyewe huja mwishoni mwa neno. Kibaski kina njia mbili za kusema "-a nyumba", na tofauti yake tunaijua vizuri sisi wenyewe:

(1) etxearen izena: jina la nyumba
(2) etxeko bixkotxa: keki ya nyumbani

Katika (1) nyumba inatajwa kama kitu chenye jina lake. Katika (2) nyumba inatajwa kama mahali. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kiambishi -ni: ya nyumba, ya nyumbani. Kinyarwanda, kinachosemwa na watu wengi wa Masisi, huweka neno la mahali katikati: umugati wo mu rugo, "mkate wa nyumbani". Kibaski hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote iliyo hai, lakini msemaji wake na bibi yangu wa Mushaki wangeelewana juu ya tofauti hii bila shida.

Sasa tuyaweke majina mawili pamoja. Wabaski wenyewe wanaita keki yao "keki ya nyumbani". Wasemaji wa Kifaransa wanaiita "keki ya Kibaski". Jina la nchi halimo katika jina la wenyeji. Mtu aliye nyumbani hana haja ya kusema nyumbani ni wapi.

2. Jina linalobadilika kwa umbali

Masisi na Walikale ni maeneo mawili kati ya sita yanayounda jimbo la Kivu ya Kaskazini. Mengine ni Beni, Lubero, Rutshuru na Nyiragongo. Masisi ni nchi ya milima yenye majani mafupi na baridi ya asubuhi, na kwenye milima hiyo ng'ombe hulishwa. Maziwa ni mengi kuliko watu wanavyoweza kunywa, na barabara ni mbovu kiasi kwamba maziwa mabichi yangeharibika kabla ya kufika mjini. Fromaje ni jibu la tatizo hilo: maziwa yanayoweza kusafiri.

Ufundi wenyewe uliletwa na watu wa kanisa kutoka Ulaya. Wazee wengi wa kwetu huwataja mapadri. Masisi palikuwa pia na monasteri ya Watrapisti, Mokoto, iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa wa Scourmont, Ubelgiji, ambao hadi leo jina lao linahusishwa na bia na jibini za Chimay. Kutoka kwao ufundi uliingia kwa wafugaji, na wafugaji wakaufanya wao.

Kazi huanza mara tu baada ya kukamua. Maziwa hupashwa moto kwenye sufuria kubwa, kwa kuni. Hutiwa dawa ya kugandisha, kisha huachwa yatulie. Yakishaganda hukatwakatwa, maji yake hutolewa, na kilichobaki hukandamizwa ndani ya kalibu za mviringo. Baadaye vipande hulazwa kwenye maji ya chumvi, halafu hupangwa juu ya mbao katika chumba chenye kivuli na kugeuzwa mara kwa mara. Kinachotoka ni duara la manjano lenye ngozi ngumu kidogo na moyo laini, ladha yake ikikaribia jibini ya Kiholanzi inayoitwa Gouda.

Neno fromaje ni la Kifaransa, fromage, na hilo lilitokana na Kilatini forma, yaani kalibu. Basi kwa asili fromaje ni "kile cha kalibu", jina linaloifaa kabisa kazi ya mfugaji wa Masisi ingawa yeye hana habari nayo. Kinyarwanda kimelipokea kwa kutenganisha konsonanti mbili za mwanzo: foromaje. Katika Kiswahili cha Kivu nimesikia fromaje na furomaje, wakati mwingine kwa msemaji mmoja katika sentensi moja. Kiswahili cha pwani kina jibini, kutoka Kiarabu. Nilipokuwa sekondari niliandika "fromaje" katika insha, na mwalimu akalipigia mstari mwekundu. Pembeni aliandika jibini. Nilipoipeleka insha nyumbani, bibi aliuliza jibini ni ugonjwa gani.

Sitaki kurudi kwenye ugomvi wa neno lipi ni Kiswahili. Jibini lilitoka Uarabuni na fromaje likatoka Ulaya, na kila moja lilifika pamoja na wale walioleta kitu chenyewe. Kamusi ya haki ingeyaandika yote mawili na kuonyesha wapi linatumika lipi. Kinachonihusu hapa ni kile kinachofuata neno hilo. Angalia mifano hii:

(3) a. Mushaki, jikoni: "Leta fromaje."
    b. Goma, sokoni: "Njo uone fromaje ya Masisi!"
    c. Kinshasa, dukani, kwa Kifaransa: "fromage de Goma"

Kitu ni kimoja. Jikoni hakina nyongeza. Kikifika Goma kinakuwa cha Masisi. Kikifika Kinshasa, Masisi inapotea na kinakuwa cha Goma, kwa sababu Goma ndiko kilikopakiwa na ndilo jina ambalo mtu wa Kinshasa analijua. Kadiri kitu kinavyosafiri ndivyo mahali panapotajwa panavyokuwa pakubwa zaidi na penye kujulikana zaidi. Sidhani kama Goma kuna ng'ombe wa kutosha kulisha hata mtaa mmoja.

Mfano (3) ulinifanya niamini kwamba nimepata kanuni rahisi: jina la mahali huzaliwa chakula kinapotoka mahali hapo. Kanuni hiyo iliishi wiki tatu, mpaka niliposhuka kwenye gari pale Sake.

3. Sake yavunja kanuni

Sake ni mji mdogo karibu na Ziwa Kivu, ambako barabara kutoka Goma inagawanyika: moja inapanda Masisi, nyingine inaendelea kando ya ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Magari husimama pale, na mama wauzaji hukimbilia madirishani wakiwa na mabeseni kichwani. Niliwasikiliza. Walikuwa wakiita:

(4) "Fromaje ya Masisi! Mukate iko, fromaje ya Masisi iko!"

Tatizo ni kwamba Sake iko ndani ya Masisi. Mama yule alikuwa amesimama Masisi, akiuza fromaje iliyotengenezwa Masisi, na hata hivyo aliita "ya Masisi". Chakula hakijatoka popote, na nyongeza imeshatokea.

Nilipomkaribia kwa miguu na kumsalimia kwa Kinyarwanda cha kwetu, alibadilika mara moja. Aliniuliza tu kama ninataka foromaje. Kwa aliye ndani ya gari, ya Masisi. Kwa mwenyeji mwenzake, hapana.

Basi kanuni inabidi irekebishwe. Umbali wa chakula hauamui peke yake. Anayeamua ni msikilizaji, au tuseme picha ambayo msemaji anayo kuhusu msikilizaji. Fromaje ikifika Goma huitwa ya Masisi kwa sababu Goma imejaa watu ambao si wa Masisi. Sake huitwa hivyo hivyo kwa abiria, kwa sababu abiria ni mpita njia.

Nilitafuta kama jambo hili lipo pengine, na Zanzibar ilinisaidia. Kuna mchuzi mzito wa maembe mabichi na unga, wenye bajia, viazi na kachori ndani yake. Wenyeji wa Unguja huuita urojo. Ukivuka bahari kwenda bara, wengi wanaujua kama Zanzibar mix. Hapo kanuni ya kwanza ingetosha: chakula kimevuka, jina la mahali limezaliwa. Lakini katika bustani ya Forodhani, Unguja penyewe, kila jioni huuzwa chapati nyembamba iliyojazwa nyama ya kusaga na yai na kukunjwa pande zote, na mabango yake yanasema Zanzibar pizza. Iko Zanzibar na inaitwa ya Zanzibar. Sababu ni ile ile ya Sake: sehemu kubwa ya wanaosoma mabango yale ni wageni. Na Wabaski nao, katika madirisha ya maduka yao, huandika gâteau basque, maana anayesimama dirishani mara nyingi ni mtalii.

Kwa hiyo: jina la mahali katika jina la chakula ni alama ya mazungumzo na mtu wa nje, popote mazungumzo hayo yanapofanyika.

4. "Na" au "wa"? Mkate wenyewe

Nimeahidi mkate, na msomaji mwenye njaa asinilaumu. Pale Sake agizo hutolewa hivi:

(5) "Mama, unipatie mukate na fromaje."

Mama huchukua mkate mrefu mweupe, huupasua ubavuni kwa kisu, hukata vipande vya fromaje kutoka kwenye duara na kuvipanga ndani, kisha huufunga kwa kiganja. Wakati mwingine huuliza: "Nitiye na pilipili?" Mkubalie. Chagua mama ambaye duara lake limeanza kukatwa, kwa sababu utaona moyo wake: uwe manjano iliyokolea sawasawa, wenye vitundu vidogo, usiotoa maji. Duara zima lililofunikwa ngozi linaweza kuficha mengi. Ukipanda Mushaki, Kitchanga au Masisi-kati utaikuta fromaje changa zaidi, na pale mara nyingi huliwa pamoja na birayi, viazi mviringo vya kwetu, vikiwa vimetoka tu chunguni ili fromaje iyeyuke juu yake. Goma utaipata kwenye soko la Virunga na katika vibanda vya Birere. Bei hubadilika kufuatana na hali ya barabara, na barabara hubadilika kufuatana na hali ya usalama. Kwetu mtu akisikia fromaje imepanda, huuliza kwanza kuna nini huko juu.

Kwa mwanaisimu, kinachovutia katika (5) ni na. Hakuna anayesema mukate ya fromaje. Linganisha na Mombasa, ambako mkate wa nyama ni chakula kimoja: nyama imefungwa ndani ya unga mbichi na vyote viwili vikapikwa pamoja. Huwezi kuitoa nyama ukarudisha mkate ulivyokuwa. Kwa Sake mkate ulishaokwa, fromaje ilishaiva, na vimekutana mkononi mwa mama dakika hii. Kwa hiyo kuna na, kiunganishi cha vitu viwili vilivyo sawa, na kuna wa, kinachofanya kimoja kiwe sehemu ya kingine. Keki ya Wabaski ingekuwa upande wa Mombasa: jamu na unga vimeingia motoni pamoja.

Neno mkate lenyewe linastahili makala yake. Kinyarwanda kina umugati, ambapo k imekuwa g mbele ya silabi yenye t, mabadiliko yale yale yaliyogeuza kitabu kuwa igitabo. Wanafunzi wa fonolojia wataitambua Sheria ya Dahl. Kinshasa, kwa Kilingala, mikate ni maandazi ya mviringo yanayokaangwa kando ya barabara. Mtu wa Goma akiomba mikate Kinshasa atapewa kitu alichozoea kukiita mandazi. Unguja, ukiomba mkate wa mayai utaletewa keki laini. Mombasa jina hilo hilo linaweza kukuletea kifurushi cha chapati, nyama na yai. Neno moja, na kila mji umelipika kwa namna yake.

5. Walikale: mafuta yanapanda

Mwenzangu wa Walikale alisema ninaipendelea milima. Ni kweli, basi tushuke. Walikale ni eneo kubwa la msitu magharibi ya Masisi. Huko husemwa Kinyanga, Kikumu na Kitembo, miongoni mwa lugha nyingine, na ngano si zao la huko. Chakula chao chenye kitu ndani hakijazwi, hufungwa: muhogo uliolowekwa, ukapondwa, ukaviringwa ndani ya majani mapana ya msituni na kupikwa humo humo. Wengi siku hizi huuita kwanga, kwa neno lililokuja na Kilingala. Jani ndilo sufuria, ndilo sahani, ndilo mfuko wa safari.

Nilimuuliza kama Walikale wanasema "kwanga ya Walikale". Alicheka. Kisha akafikiri na kunipa mfano bora kuliko wangu wote, wa mawese. Mafuta haya mekundu ya mchikichi hutoka Walikale kwa madumu, hupanda kwa pikipiki na malori mpaka Goma. Kwao, alisema, mama humtuma mtoto:

(6) "Kalete mawese."

Lakini Goma utasikia:

(7) "Ile ni mawese ya Walikale, haichanganywe na maji."

Katika (7) ya Walikale inafanya kazi ya ziada: ni dhamana. Jina la mahali linatumika kama muhuri wa ubora mbele ya mnunuzi ambaye hakuona chikichi zikikamuliwa. Wafanyabiashara wa mchele Dar es Salaam hufanya hivyo hivyo wanaposema mchele wa Mbeya. Aliyekamua mwenyewe hahitaji dhamana.

Kinyanga kina ushahidi mkongwe zaidi. Mwaka 1956, Candi Rureke alisimulia na kuimba utendi wa Mwindo kwa Kinyanga, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mateene mwenyewe ni Mnyanga aliyekuja kuwa mwanaisimu mkubwa wa lugha za Kiafrika. Humo watu hula ugali wa ndizi. Msimulizi anautaja kama mtu anavyotaja chakula cha kwao, kwa wasikilizaji waliokaa mbele yake na waliokula ugali huo huo asubuhi.

6. Watu wa mahali

Mpaka hapa nimezungumzia vyakula. Lakini a-unganifu haichagui. Inaunganisha mtu na mahali kama inavyounganisha fromaje na mahali.

Februari 2024, vita vilipofika karibu na Sake, mama mdogo wangu alishuka kutoka milimani na watoto wake na mabunda mawili. Alifikia kwenye kambi ya Bulengo, magharibi ya Goma, kabla ya kuja kukaa nasi. Nilikuwa naye siku alipoandikishwa. Kijana mwenye daftari alimuuliza anatoka wapi. Akajibu: "Mushaki." Kijana akamwambia mwenzake aliyeshika kalamu:

(8) "Andika: ni wa Masisi."

Mama mdogo aliniangalia. Alikuwa ameishi miaka arobaini na zaidi na alikuwa ameitwa mengi: mama wa fulani, mke wa fulani, binti wa mlima fulani. Wa Masisi hakuwahi kuitwa. Kule juu kila mtu ni wa Masisi, kwa hiyo hakuna aliye wa Masisi. Baada ya wiki chache nilimsikia yeye mwenyewe, akipanga foleni ya maji, akimwambia mtu: "Sisi ba Masisi tuko hapa toka asubuhi." Alikuwa amejifunza jina lake jipya, kwa sababu alikuwa sasa anaongea na watu wa nje kila siku.

Sidai kwamba kuitwa hivyo ni tusi. Kijana mwenye daftari alikuwa na kazi ya kufanya, na daftari lake lilihitaji neno ambalo mtu wa ofisini Goma angelielewa, kama vile duka la Kinshasa linavyohitaji "Goma". Ninachosema ni kwamba sarufi ilirekodi tukio kabla ya sisi kulikubali. Tulikuwa bado tunasema "tutarudi wiki ijayo", na tayari kiunganishi kilikuwa kimeshawekwa kati yetu na nyumbani.

Hitimisho

Tulianza na swali dogo: fromaje inakuwa lini ya Masisi? Jibu ni: inapozungumzwa mbele ya mtu ambaye hatumhesabu kuwa wa kwetu. Umbali husaidia, lakini mama wa Sake, mabango ya Forodhani na madirisha ya Wabaski yanaonyesha kwamba msikilizaji ndiye anayeamua. Wakati mwingine jina la mahali ni tangazo, wakati mwingine ni dhamana, wakati mwingine ni mstari katika daftari la waliohama. Mwalimu anayefundisha a-unganifu kwa mifano ya kitabu cha Juma na mlango wa nyumba anaweza kuongeza swali moja: nani anaambiwa?

Nyumbani kwetu Goma sasa kuna watoto wa mama mdogo, na mdogo kabisa ana miaka mitatu. Mushaki haikumbuki. Jumapili moja baba alirudi na duara zima, la kwanza baada ya miezi mingi barabara ilipofunguka kidogo. Mtoto akaruka na kusema: "Fromaje ya Masisi!" kama alivyosikia wauzaji wa mtaani wakiita. Bibi alikuwa anakata mkate. Aliweka kisu chini, akamvuta karibu na kumsahihisha polepole, kama mwalimu wangu wa sekondari lakini bila kalamu nyekundu:

"Hapa ni fromaje tu. Sema: fromaje."

Maswali ya kujadili

1. Orodhesha vyakula vitano vya kwenu. Ni vipi vina jina la mahali ndani yake? Nani hutumia jina hilo, na mbele ya nani?
2. Linganisha mkate wa nyama na mukate na fromaje. Tafuta jozi nyingine tatu katika lahaja yako ambapo wa na na vinabadilisha maana.
3. Eleza tofauti kati ya maji ya kisima na maji ya kisimani. Je, lugha yako ya nyumbani ina tofauti hiyo? Inaonyeshwa kwa kipashio gani?
4. Muulize mtu aliyehama kwao: ni siku gani alianza kujitaja kuwa "wa" mahali alikotoka? Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha.